Debe Lililojikunja

Juzi asubuhi mwanangu aliniletea chupa ya plastiki niliyoisuuza usiku kwa maji ya moto na kuifunga ingali inafuka, akaniuliza ni nani aliyeikalia. Ubavu wake ulikuwa umebonyea kama shavu la mzee asiye na meno. Nilicheka, kisha nikajikuta nimerudi maabara, mbele ya lile debe.

Mwalimu wa fizikia aliniita mimi, nadhani kwa kuwa nilikuwa nikipiga soga. Kazi ilikuwa kuchemsha maji kidogo ndani ya debe hadi mvuke ufukuze hewa, kulitoa motoni, kulifunga na kulimwagia maji baridi. Mara ya kwanza niliuogopa mvuke nikafunga mapema mno, hewa ikiwa bado tele ndani. Debe likatoa mlio mmoja hafifu, basi, na darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakunikemea. Alikifungua kizibo, akalirudisha debe motoni, akasema, "Safari hii ngoja."

Nikangoja. Karibu kabisa na mdomo wa debe hapakuonekana kitu, kwa maana mvuke wenyewe ni gesi isiyo na rangi. Juu kidogo ndipo ulipopoa na kugeuka wingu jeupe la vitone. Nilipoliona wingu hilo likitoka kwa nguvu bila kukatika, nililiepua debe, nikakaza kizibo na kumwaga maji. Kwa kitambo kidogo palikuwa kimya. Kisha ubavu mmoja ukazama taratibu, mkunjo ukakimbia kutoka begani hadi kitakoni, rangi ikabanduka magamba magamba, na bati likapiga kelele kana kwamba linakanyagwa. Hapakuwa na mtu aliyeligusa.

Katika daftari niliandika kwamba utupu uliyavuta mabati. Mwalimu alilikata neno "uliyavuta" kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Nani?" Maji yakigeuka mvuke hutwaa nafasi takriban mara 1,600 ya ile ya awali, na mvuke ukirudi kuwa maji nafasi hiyo hubaki karibu tupu. Hewa ya nje, ambayo kwenye usawa wa bahari hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1, haina tena wa kuizuia kwa ndani. Kwa ubavu wa sentimita 20 kwa 30, hizo ni kama kilo 600.

Haya yote nilimweleza mwanangu, nikiongeza, pengine kwa kujisifu, kwamba hata mrija wa kunywea hauvuti chochote: sisi hupunguza tu hewa ya kinywani, na hewa ya nje huyasukuma maji juu. Alikitazama kikombe chake kwa muda.

"Kwa hiyo si mimi ninayekunywa? Ninanyweshwa?"

Nilifungua kinywa kujibu, nikakifunga. Chupa ile bado iko dirishani. Hataki nimfungulie kizibo.