Bima ya gari langu la kwanza

Leseni yangu ya daraja D haijamaliza hata mwezi, na leo nimeshinda Posta, Dar es Salaam, nikitafuta bima ya Vitz niliyoachiwa na kaka.

Bima ndogo, ile inayomfidia mtu wa tatu pekee, yaani yule uliyemsababishia ajali, ni shilingi 118,000 pamoja na VAT. Bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, nilipigiwa hesabu ya asilimia 3.5 ya thamani ya gari: kwa gari la milioni 9 ni shilingi 315,000, na VAT ikiongezwa inafika 371,700.

Nilikuwa nimeshatoa simu ili nilipie kubwa, ndipo wakala, mama mmoja mpole asiye na haraka, alipoweka kidole kwenye mstari wa maandishi madogo: dereva mwenye leseni changa hujichangia zaidi kutoka mfukoni mwake kabla ya kampuni kulipa chochote.

“Leseni changa.”

Niliusoma mstari ule mara tatu, nikajihisi kama mtoto aliyeketishwa kiti cha nyuma.

Nimechukua ndogo, nikahakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kabla sijatoka ofisini.

Ndugu zangu mlioanza kuendesha karibuni, ninyi mlichukua ipi?