Albamu ya stempu za vitambaa vya zari vya Wamalei: nimefika kwenye kupanga kurasa

Haya jamani, albamu imesogea. Zile seti mbili za Brunei za 1988 za vitambaa vya kufumwa kwa mkono nshazikamilisha, aina za vitambaa vyenyewe jong sarat ipo, si pugut ipo, beragi ipo, na sasa niko kwenye kazi ninayoipenda kuliko hata kutafuta stempu zenyewe, yaani kupanga kurasa na kuandika maelezo ya chini.

Wengi tunaokusanya tunapanga kwa nchi na mwaka. Hii nimeamua niipange kwa ufumaji, kwa sababu ukiziweka kwa mwaka songket, yaani hicho kitambaa cha Wamalei kinachofumwa kwa zari, uzi wa dhahabu, inabaki kuwa rangi nzuri tu na mtu anafunua ukurasa anapita, haoni kazi iliyomo mle. Na kazi ipo aisee. Mfumaji wa Terengganu, kule Malaysia, anakaa kwenye kitanda cha mfumi, kabla hajaanza kuingiza zari anahesabu nyuzi za mtande, zile zilizotandwa kwa urefu, na kuzinyanyua chache chache kwa kijiti chembamba, akishapata safu ya ua anaifunga kwa vitanzi vya uzi ili kitanda kiikumbuke, halafu safu nyingine, na nyingine, mpaka ua zima limefungwa pale. Ndo sasa anafuma. Uzi wa dhahabu unapita juu ya mtande, unazama, unaibuka tena, na kila ukishapita unapigwa mshindio, uzi wa kukatiza, wa kawaida wa hariri au pamba kuukaza. Kitambaa kimoja kinaweza kula miezi.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ni mtande na mshindio, nimechora mwenyewe kwa penseli jinsi zari inavyopita, stempu zinakaa pembeni ya mchoro. Wa pili ni badan, yaani mwili wa kitambaa, pale penye maua ya kutawanyika au yaliyojaa mpaka rangi ya chini haionekani. Wa tatu ni kepala, ule mkanda wa sarong wenye pembetatu ndefu zinazoelekeana, wenyewe wanaziita pucuk rebung, machipukizi ya mianzi. Huu wa tatu ndo nimeutengea nafasi kubwa kuliko zote na sijutii, zile pembetatu zikikaa pamoja zina nguvu sana.

Jambo lililonichukua muda ni stempu za kutawazwa kwa wafalme wa Malaysia. Mfalme anavaa lile vazi jeusi lenye dhahabu linaloitwa Muskat, asili yake Oman, na sisi watu wa pwani tukiliona tunakumbuka joho mara moja, kwa hiyo moyo ulitaka sana liingie. Lakini dhahabu ya Muskat imedariziwa, imeshonwa juu ya kitambaa ambacho tayari kimeshafumwa. Songket dhahabu inaingia humohumo wakati wa kufuma. Ukishika lenzi utofauti unauona kwenye kingo: ua la kudarizi linaweza kujipinda laini linavyotaka, ua la songket kingo zake zina vingazi vingazi maana linafuata hesabu ya nyuzi, haliwezi kukwepa. Basi nimelifanyia Muskat ukurasa wake mwishoni, peke yake, na maelezo kwamba hii ni darizi.

Kuhusu rangi, kwenye stempu zilizochapwa kwa mashine ya ofseti ile dhahabu ukiikuza ni vidoti vya wino wa manjano na kahawia tu, haing'ai. Kuna mwenzangu alinishauri nipake kidogo wino wa dhahabu kwenye fremu za kurasa ili ipendeze. Nimekataa, nimetumia karatasi nyeusi isiyo na asidi na stempu ziko kwenye vimfuko vya plastiki, gundi ya nyuma haiguswi. Nyeusi inaibeba manjano vizuri mno na inatosha.

Kilichobaki ni ukurasa wa mavazi: bwana harusi wa Brunei na jong sarat, na sinjang, kitambaa wanachojifunga kiunoni juu ya suruali kwenye sherehe za serikali. Pia nataka niandike kwamba songket ya Malaysia iliingia kwenye orodha ya UNESCO 2021. Natafuta bahasha za siku ya kwanza za hizo seti za 1988, yaani zilizogongwa muhuri siku stempu zilipotoka, muhuri uwe unasomeka, kama unazo za ziada niambie, ninazo za kanga na vikoi za kubadilishana.