Theluthi ya Kushuka

Wiki iliyopita tulikuwa Marangu kwa mama, na binti yangu, aliyetumwa kabatini kutafuta kalamu, alirudi na kauntabuku lenye jalada jeusi ambalo sikuwa nimelitia machoni kwa miaka kadhaa. Alilifungua mahali ambapo babu yake alichora mstari mmoja unaoteremka kutoka kona ya juu ya ukurasa hadi kona ya chini, akasoma kwa sauti maneno matatu yaliyoandikwa pembeni yake, "Mimi nitabaki ukingoni," kisha akaniuliza: "Mama, kwa nini babu hakushuka?"

Nilimjibu kwamba babu alikuwa anasumbuliwa na magoti. Jibu hilo nimelitoa kwa watu wengi, na kila ninapolitoa huniachia mashaka yaleyale.

Safari ile ya Marekani, ambayo babu hakushuka, tuliipanga Mei 2018, masika yakiwa yamekolea, juu ya meza ya chakula ambayo mama aliiondolea kitambaa ili ramani ilale sawasawa. Mdogo wangu alikuwa masomoni Phoenix, katika jimbo la Arizona, na alikuwa ameahidi kutuendesha kwa siku tisa: kutoka Phoenix hadi Flagstaff, kisha Grand Canyon, Page, Zion, Las Vegas, na kurudi. Baba alikuwa amestaafu kazi ya mlimani, aliyoianza akiwa mgumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, na kuimaliza akiwa kiongozi wa misafara katika njia ya Marangu. Safari ya gari na hoteli aliipanga kama alivyozoea kupanga safari za kileleni, kwa kuuliza kwanza mwinuko wa kila kituo na ndipo aulize umbali. Alipojua kwamba Phoenix iko kwenye mita 330 hivi, na kwamba Flagstaff, mwendo wa saa mbili na nusu tu kwa gari, inapita mita 2,100 na hivyo iko juu kuliko lango la hifadhi pale Marangu, aliandika "sweta nzito" juu kabisa ya orodha, ingawa mama alishangaa kusikia habari za sweta katika nchi ya jangwa.

Mimi nilikuwa nimependekeza Julai. Mdogo wangu alikataa kwa sababu mwezi huo joto la Phoenix hupita nyuzi 40 karibu kila siku, na kwa sababu kuanzia Julai hadi Septemba mvua za ghafla huleta mafuriko katika makorongo membamba. Nilimsomea baba habari ya Agosti 1997, wageni 11 walipouawa na maji katika Antelope Canyon, karibu na Page, kwa mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa wamesimama. Hakuhitaji maelezo. Aliyekulia chini ya Kilimanjaro ameshaona mto ukishuka ukiwa na rangi ya udongo huku Moshi mjini jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha msituni. Akaandika "Oktoba" na kupiga mstari chini yake.

Kilichomfurahisha kuliko vyote kilikuwa mifereji. Mdogo wangu alikuwa amemwandikia kwamba chini ya Phoenix ya leo kuna mtandao wa mifereji iliyochimbwa kwa mikono na Wahohokam, watu waliolima katika bonde lile hadi karibu mwaka 1450, wakiteka maji ya mto Salt na kuyapeleka mashambani, na kwamba baadhi ya mifereji ya sasa inafuata njia zilezile za zamani. Baba alisoma barua hiyo mara mbili. "Kumbe nao walikuwa na mifongo," alisema, kwa jina tunaloiita mifereji yetu ya Uchagani, na kwa muda mrefu alizungumzia mfongo wa ukoo wetu, zamu za maji, na wazee waliojua kuupitisha mfereji ubavuni mwa mlima bila kifaa chochote cha kupimia. Nafikiri alikubali kusafiri kwa sababu ya mifongo hiyo zaidi ya kitu kingine chochote. Nilipomwambia kwamba mto Colorado ulianza kuchimba korongo la Grand Canyon miaka milioni tano au sita iliyopita, wakati ambapo Kilimanjaro haujaanza kuinuka, aliinamia ramani na kuitazama upya, kama mtu aliyetambulishwa kwa mkubwa wake.

Ndipo nikamwonyesha duara nililolichora kwa kalamu nyekundu.

"Baba, hapa nataka nifike mtoni."

Njia ya Bright Angel, kutoka ukingo wa kusini hadi kwenye maji ya Colorado, ni kilomita 12 na ushee kwenda tu, na inateremka zaidi ya mita 1,300. Baba aliweka kikombe chini.

"Kwenda na kurudi siku moja?"

"Ndiyo, baba. Tutaanza alfajiri."

Alinyamaza. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na mama aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni mwa jiko alisimamisha kisu. Baba alivuta kauntabuku, akachora ule mstari unaoteremka, kisha akaugawa kwa alama mbili ndogo.

"Mlimani, mama," alisema, akiniita hivyo kama alivyoniita tangu utotoni, "mgeni akichoka ninamgeuza, na njia yenyewe inanisaidia kumteremsha. Huku akichoka ndipo mlima wake unaanza. Theluthi ya maji na nguvu ni ya kushuka, theluthi mbili ni za kupanda. Theluthi ya kwanza ikiisha mnageuka, hata kama mto mnausikia."

Nilikuwa nimeusubiri mto ule kwa miezi, na nilimjibu kwa maneno ambayo hadi leo ningependa kuyarudisha kinywani: "Baba, hilo ni korongo, siyo mlima wako." Hakunikemea. Aligeuza kalamu vidoleni, akaandika yale maneno matatu pembeni ya mstari, akafunga daftari na kuomba chakula.

Oktoba tulikwenda. Ukingoni mwa Grand Canyon tulimwacha baba kwenye benchi kabla jua halijachomoza, akiwa amevaa viatu vyake vya mlimani, nami na mdogo wangu tukashuka. Theluthi ya maji iliisha kwenye banda la mapumziko lililo karibu kilomita tano chini. Miti ya kijani ilionekana kule bondeni, na nilisimama nikiitazama hadi mdogo wangu aliponishika bega. Tuligeuka. Kupanda kulitugharimu zaidi ya mara mbili ya muda wa kushuka.

Baba alikuwa kwenye benchi lilelile. Aliuliza tumegeukia wapi, akaandika, akatugawia machungwa. Nilipoinama kufunga kamba za viatu vyangu niliviona vyake: vilikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye vifundo vya miguu. Pale ukingoni mawe ni ya chokaa, meupe meupe, na wekundu huanza chini sana, baada ya kona nyingi. Sikumuuliza, kwa kuwa nilikuwa bado na hasira ya mto, na baadaye, hasira ilipokwisha, niliona swali hilo lingemlazimisha kusema jambo alilochagua kulifanya peke yake. Alifariki mwaka 2021.

Binti yangu alisikiliza yote hayo, kisha akatoka mbio hadi barazani, ambako viatu vya babu yake bado vimewekwa chini ya dirisha. Alivigeuza kimoja kimoja na kuchungulia kwenye mishono. Mama akamwambia asijisumbue, kwa sababu alivifua kwa maji na brashi siku ileile tuliyorudi.