Safari ya kuzifuata nyaraka za Loïs Mailou Jones

Treni ya Boston kwenda Washington huchukua mwendo wa saa nane hivi, na ukipata kiti cha upande wa kushoto unaiona bahari ya Connecticut kwa kitambo kirefu. Niliipanda South Station asubuhi na mapema. Mkobani nilikuwa na daftari, penseli, na barua pepe niliyoichapisha kutoka Kituo cha Utafiti cha Moorland-Spingarn, Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi kilichoko Washington, ikinithibitishia kuwa nina nafasi katika chumba chao cha kusomea. Nilikuwa nakwenda kuzisoma nyaraka za Loïs Mailou Jones, mchoraji Mmarekani mweusi aliyezaliwa Boston mwaka 1905 na kufariki Washington mwaka 1998.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa sasa nyumbani ni Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo kaskazini mwa Boston, ambako Wakenya tumekuwa wengi hata ukienda kununua unga wa ugali humkosi wa kusalimiana naye. Jumapili moja niliingia Makumbusho ya Sanaa ya Boston nikasimama mbele ya mchoro wake wa 1972, Ubi Girl from Tai Region. Ni uso wa binti wa Côte d'Ivoire, umepakwa rangi za sherehe, na mbele yake vimepita vinyago viwili vya Kongo vilivyochorwa kwa mistari mitupu, hivi kwamba vinyago unaviona na binti mwenyewe unamwona vilevile. Macho yale yalinishika. Nilipotafuta habari za aliyeyachora ndipo nikasoma kwamba mwaka 1970 alizunguka nchi 11 za Afrika kwa niaba ya Howard, akiwatafuta wasanii waliokuwa hai na wakifanya kazi wakati ule. Ethiopia, Sudan, Kenya, Kongo, Nigeria, Ghana, Senegal na nyinginezo. Kenya ilikuwamo! Tangu siku ile sikutulia.

Nieleze kwa nini. Wageni wengi wa enzi zile waliokuja Afrika kwa ajili ya sanaa walikuja kutafuta kinyago cha kale, na aliyekichonga hakuulizwa jina. Jones alikuja na swali jingine: wewe unayechora leo, unaitwa nani, na kazi zako ni zipi? Swali hilo halikumjia hivi hivi.

Njiani nilikuwa narudia kusoma habari za ujana wake. Mwaka 1927 alihitimu shule ya makumbusho hayo hayo ya Boston, akaanza kuchora michoro ya vitambaa kwa makampuni ya nguo. Siku moja, katika duka la mpambaji wa nyumba, akakuta viti vimewambwa kitambaa chake mwenyewe. Akasema huu ni mchoro wangu. Mwenye duka hakuamini kwamba binti mweusi angeweza kazi ile. Kitambaa kilikuwa na jina lake la biashara, kampuni ilikuwa na jina lake, aliyekichora hakuwa na jina popote. Hapo akaamua kuwa mchoraji wa picha, kwa sababu picha hutiwa sahihi. Na alipoomba kufundisha katika shule iliyomsomesha aliambiwa aende Kusini akawasaidie watu wake. Alikwenda kweli. Alianza North Carolina, katika shule ya Palmer Memorial Institute, na mwaka 1930 akaitwa Howard, akafundisha huko mpaka 1977. Msanii Elizabeth Catlett alipita mikononi mwake, na msanii David Driskell pia.

Shangazi yangu anayeishi Silver Spring, kitongoji cha Washington, alinipokea kituo cha treni cha Union Station.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Lowell mpaka huku kusoma karatasi za marehemu? Kwani huyo mama alikuwa nani wetu?"

"Hakuwa wa damu yetu, shangazi. Lakini mwaka 1970 alifika kwetu Kenya kuandika habari za wachoraji."

Alinyamaza mpaka tukawa tumetoka kwenye foleni ya magari. Kisha akasema, "Mwaka huo nilikuwa shule ya msingi Mombasa. Nilikuwa napenda kuchora kupita kiasi. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba kuchora ni kazi, na kwamba wako Waafrika wanaoifanya." Hakuendelea, nami sikumhoji.

Kesho yake nilishuka kituo cha Shaw-Howard University nikapandisha Georgia Avenue. Chuo kiko juu ya kilima. Unapofika uwanja wa katikati, ambao wao huuita Yard, unaiona Founders Library mbele yako, jengo la matofali mekundu lenye mnara mweupe wa saa, lililofunguliwa rasmi mwaka 1939. Moorland-Spingarn imo humo. Jina limetokana na watu wawili: Jesse Moorland, aliyekipa chuo vitabu vyake mwaka 1914, na Arthur Spingarn, ambaye mkusanyiko wake ulinunuliwa mwaka 1946. Ila mtu ninayedhani anastahili kutajwa kabla yao ni Dorothy Porter, mkutubi aliyeulea mkusanyiko huo kuanzia 1930 hadi 1973. Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, uliokuwa ukitumika maktabani, vitabu vya watu weusi vilirundikwa mahali pawili: 325, penye ukoloni na uhamiaji, na 326, penye utumwa. Kitabu cha mashairi cha mtu mweusi kilipelekwa huko huko. Porter alikataa. Akavipanga vitabu kwa mada na kwa waandishi wake, ushairi ukakaa na ushairi, historia na historia. Mumewe, James A. Porter, mwanahistoria wa sanaa, alikuwa akifundisha idara moja na Jones. Nilipoyajua hayo nilielewa kwa nini nyaraka za Jones zikawa pale. Zilikuwa kwao.

Chumba cha kusomea kina taratibu zake na kila msomaji huzifuata. Mkoba unauacha nje. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Boksi linaletwa moja, ndani yake mna majalada yaliyopangwa wima, unatoa moja, unalisoma juu ya meza, unalirudisha palepale lilipotoka ndipo ufungue jingine. Mtunza nyaraka, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, alinionyesha namna ya kugeuza karatasi kwa kuishika pembeni bila kuikunja.

Barua, kadi za mialiko, katalogi za maonyesho, picha, vipande vya magazeti. Nilivipitia polepole. Karatasi moja ilikuwa na alama ya kutu ya klipu pembeni, klipu yenyewe ilishaondolewa, ile alama imebaki na umbo lake lote, kahawia, na ukipitisha kidole karibu nayo unaona karatasi imeanza kuwa dhaifu hapo. Nyingine ilikuwa nakala ya kaboni, ile karatasi nyembamba ya kuchapia ambayo herufi zake huwa na ukungu kidogo. Mtu anayetunza nakala ya barua aliyoituma anajua kwamba iko siku atahitaji ushahidi. Sidhani kama natia chumvi. Maisha ya mama huyu yalimfundisha kutunza ushahidi.

Chukua kisa cha mwaka 1941. Jumba la sanaa la Corcoran, hapa hapa Washington, liliandaa mashindano ambayo wachoraji weusi hawakuruhusiwa kushiriki. Jones alikuwa na mchoro wa maduka ya Wahindi Wekundu wa Gay Head, katika kisiwa cha Martha's Vineyard ambako familia yake ilienda kila kiangazi. Rafiki yake Céline Tabary, Mfaransa waliyejuana Paris na ambaye vita vilimkuta Marekani, akaupeleka kwa mkono wake. Waamuzi wakautazama mchoro, wakaupa tuzo ya Robert Woods Bliss. Jones hakwenda kuipokea. Angeonekana tu, tuzo ingefutwa. Mchoro wake umeshinda, umetundikwa ukutani, na yeye hawezi kusimama kando yake akasema huu ni wangu, kama alivyoshindwa kuaminiwa kule dukani Boston akiwa msichana. Kisa hiki nilikuwa nimekisoma zamani, lakini kukisoma nikiwa ndani ya chuo alichokuwa akifundisha wakati ule, umbali usiofika hata saa moja kwa miguu kutoka kwenye jumba lenyewe, kulinitia uchungu mpya. Corcoran walikuja kumwomba radhi hadharani mwaka 1994, akiwa na umri wa karibu miaka 89.

Jioni nilitembea hadi U Street. Humo ndimo Jones alimokutana na mzee mmoja aliyemwomba amkalie kama kielelezo cha mchoro. Alipomweleza kwamba anataka kuchora mtu anayekaribia kunyongwa na umati, mzee akamwambia alishawahi kushuhudia kitendo hicho kwa macho yake, akasimama na kuyainua macho juu kama alivyomwona yule marehemu akifanya. Mchoro huo ni Mob Victim, wa 1944. Alain Locke, mwanafalsafa wa Howard, ndiye aliyekuwa akimsukuma aichore hali ya watu wake. Leo mtaa umejaa mikahawa, na Waethiopia ni wengi sana. Nilikula injera nikarudi kwa shangazi.

Siku iliyofuata niliomba vya Afrika. Jones aliporudi aliandika ripoti, Contemporary African Art, na mwaka 1971 akakikabidhi chuo slaidi 1,000. Kwa vijana ambao hawajaziona: slaidi ni kipande cha filamu kilichobanwa kwenye fremu ya sentimita tano kwa tano, hakina maana mpaka ukiweke mbele ya mwanga. Ukikiweka, mchoro mzima unafunguka humo ndani. Filamu nyingi za miaka ile zikizeeka huelekea wekundu, kwa hiyo ukijani unapungua, buluu inafifia, na unabaki kukisia msanii alikuwa ameweka rangi gani.

Niliizingatia Kenya zaidi, na nadhani mtanielewa. Nairobi ya mwaka 1970 ilikuwa na Paa ya Paa, jumba la sanaa lililoanzishwa mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau na wenzake. Njau mwenyewe alisomea Makerere, katika shule ya sanaa iliyoasisiwa na Margaret Trowell, iliyomtoa pia mchoraji Sam Ntiro wa Tanganyika. Majumba ya maonyesho yalihesabika kwa vidole. Katalogi zilikuwa haba, na msanii akifariki, kazi zake ziligawanywa kwa ndugu au zikaenda na wageni walionunua. Katika hali hiyo anatokea mwalimu kutoka Washington, mwenye umri wa miaka zaidi ya 60, anabeba kamera, anaandika jina, nchi, na kazi. Miaka zaidi ya 50 imepita. Mtu wa kwetu anayetaka kujua nani alichora nini wakati ule ana boksi la kuanzia, na boksi hilo liko juu ya kilima cha Georgia Avenue. Natamani nakala zake ziwe pia Nairobi na Kinshasa, mikononi mwa wanafunzi wa sanaa, na nilimwambia hivyo mtunza nyaraka. Alinijibu kwamba maombi ya nakala hupokewa, na akanipa fomu.

Alasiri ile nilipanda metro vituo viwili hadi Gallery Place, kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Marekani ya Smithsonian, kuiona Les Fétiches. Aliichora Paris mwaka 1938. Ni ndogo kuliko nilivyodhani, urefu wake haufiki sentimita 65. Vinyago vitano vinaelea gizani, kikubwa kikiwa katikati na mistari yake myeupe, na upande wa kulia kuna kisanamu chekundu kinachowaka. Wanaoichambua hutaja kifwebe, kinyago cha Wasongye wa Kongo. Walimu wake wa Paris walipoiona walishangaa, wakasema haifanani na kazi zake. Akawajibu kwamba ikiwa wachoraji wa Ulaya kama Matisse, Modigliani na Picasso wanaichukua Afrika, yeye ana haki zaidi yao. Nilisogea mpaka pale mlinzi alipokohoa. Sahihi yake iko chini, imeandikwa wazi.

Shangazi alinifuata baada ya kazi. Alisimama mbele ya vile vinyago muda mrefu, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuruhusiwa kule Howard, yeye si mwanafunzi wala mtafiti. Nikamwambia ninavyowaambia ninyi nyote mnaoishi Silver Spring, Baltimore na vitongoji vyake: andikeni mapema kuomba siku, semeni mnataka nyaraka za Loïs Mailou Jones na vitu vya safari yake ya Afrika ya 1970, nendeni na kitambulisho na penseli. Kutoka Silver Spring panda njia nyekundu, badilisha Fort Totten uchukue ya kijani, shuka Shaw-Howard University. Shangazi amekwisha kuandika. Amepangiwa Alhamisi.