Kuwasoma watoro wa pwani nyaraka zinapofungwa

Korona ilipofunga vyumba vya kusomea nyaraka mwaka 2020, historia ya watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa haikufungwa nayo. Sehemu kubwa ilikwisha kuchapwa karne ya 19. Barua za makonseli wa Uingereza zilitolewa katika ripoti za Bunge lao, na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la kimisionari la Kianglikana la Uingereza) walikuwa na jarida lao, Church Missionary Intelligencer. Mengi ya hayo yako katika maktaba za mtandaoni za HathiTrust na Internet Archive, na husomwa bure kwa kuwa hakimiliki yake imepita. Kuyapata ni kazi ndogo. Kazi iko kwenye kuyasoma.

Anza na tahajia, maana mashine iliyogeuza picha za kurasa kuwa maandishi haikujua majina ya huku. Kijiji cha Fuladoyo kitafute pia kwa Fulladoyo. Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa, tafuta pia kwa Rabbai na Kisuludini, Mombasa kwa Mombas, na Mijikenda kwa Wanika. Watoro wenyewe wamo chini ya maneno kama runaways na fugitives. Ukiandika neno moja tu ukapata majibu manne, usiseme hakuna habari. Fungua faharasa ya juzuu, tafuta barua za Mombasa, uzisome moja baada ya nyingine kwa macho.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuwachanganya watoro na mateka waliookolewa majahazini. Frere Town, iliyoanzishwa miaka ya 1870 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ilikusudiwa hao wa pili: manowari za Uingereza ziliyakamata majahazi baharini na kuwakabidhi mateka hao kwa misheni kisheria. Mtoro alikuwa jambo jingine kabisa. Mkataba wa 1873 ulifunga masoko ya watumwa na usafirishaji wao baharini, lakini haukufuta utumwa wenyewe. Aliyekimbia shamba akafika Rabai aliendelea kuwa mali ya bwana wake mbele ya sheria ya Sultani wa Zanzibar, na aliyempokea alikuwa na kesi ya kujibu. Fuladoyo ni jambo la tatu: kijiji cha watoro wenyewe, bara ya Takaungu, chini ya David Koi, Mgiriama aliyekuwa Mkristo, ambaye aliuawa 1883. Usiweke watu wa sehemu hizi tatu katika hesabu moja.

Ndiyo maana idadi zinapanda na kushuka kiajabu. Mwenye shamba anayelalamika kwa konseli ana sababu ya kuongeza. Mmisionari anayeandikia London, ambako ameshaonywa asipokee watoro, ana sababu ya kupunguza au kunyamaza kabisa. Kisha mwaka 1888 George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, anakubali kuwalipa mabwana fidia, na watu wanaanza kuhesabiwa: zaidi ya 1,400 wakapata uhuru, na hati zao zikatolewa Rabai tarehe 1 Januari 1889. Hawakufika wiki ile. Walikuwapo kwa miaka, ila kuwataja hakukuwa na faida kwa mtu.

Kwa hiyo tengeneza jedwali lenye safu saba: tarehe ya tukio, tarehe ya barua, mwandishi, mtoro alikotoka, alikofikia, idadi, na nani aliyehesabu. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Tenga pia tarehe mbili za mwanzo, kwani jarida lilichapa barua baada ya miezi na kukata lisilopendeza. Ukiona barua imekatwa ghafla, iandike kando uiagize: karatasi za asili za CMS ziko Birmingham, Uingereza, chini ya alama za kumbukumbu C A5 hadi 1880, na G3 A5 kuanzia hapo. (Usipuuze maradhi ya wakati huo pia. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi Unguja, na mtumwa asiyeonekana tena baada yake huenda hakutoroka.)

Kuhusu wazee, wakati wa maradhi ya kuambukiza kama korona simu ni bora kuliko kuwapelekea virusi nyumbani. Dakika 20 zinatosha kwa mara moja. Omba ruhusa ya kurekodi kabla ya swali la kwanza, na mwombe mjukuu akae karibu kushika simu. Usimwulize mzee kama babu yake alikuwa mtumwa. Ukifanya hivyo mazungumzo yamekwisha, na pengine umeivunjia heshima familia nzima. Uliza shamba lilikuwa la nani, nani alilima upande gani, watu wa mtaa ule walihamia kutoka wapi, nani alizikwa wapi, na jina la babu kabla ya ubatizo au kusilimu. Jina hilo la zamani lilinganishe na majina yaliyoandikwa katika daftari za ubatizo za kanisa. Likikubaliana na shamba, unayo familia. Likikubaliana peke yake, bado huna kitu, kwani majina kama Juma na Mabruki walikuwa nayo watu wengi mno.