Kidole gumba maana yake "nimesoma": tulivyopatana na vitufe vya hisia katika kundi la avenyu yetu

Wasimamizi wa makundi ya mitaa wanapokutana hapa Lubumbashi, Kongo, swali moja hurudi kila mara: je, vitufe vya hisia, yaani vile vidole gumba, mioyo na visura vya kucheka na kulia vinavyobandikwa chini ya ujumbe, vinasaidia mazungumzo au vinayaua? Mimi nasimamia kundi la WhatsApp la avenyu moja ya komini ya Katuba, lenye wakazi zaidi ya mia mbili, wenye nyumba na wapangaji, wazee na vijana, na jibu langu limetokana na kazi hiyo. Vitufe vibaki, lakini visitumike kusema jambo linalomfunga mtu, wala jambo linalomfedhehesha. Kwa kuwa wengi wameniuliza tulifikaje hapo, nitaeleza.

Wengi wamesahau hali ilivyokuwa kabla ya Mei 2022, mwezi ambao WhatsApp ilileta vitufe hivyo kwa mara ya kwanza. Mtu akitangaza kwamba salongo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, itafanyika Jumamosi asubuhi na kila mwenye lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, alete jembe na ufagio, majibu yalimiminika: sawa, asante, mersi, tumepokea, Mungu akubariki, pamoja na picha za maua zenye maandishi ya kutakia watu siku njema. Tangazo lenyewe lilizama. Aliyechelewa kufungua simu aliuliza salongo ni siku gani, akajibiwa na watu kumi, nao wale kumi wakashukuriwa. Wanaonunua mega, yaani data za intaneti, kidogo kidogo walilalamika kwamba picha hizo zinawamalizia mega, na wanaofanya kazi zamu ya usiku walinyamazisha kundi kabisa, kiasi kwamba hata habari ya dharura haikuwafikia. Vitufe vilipokuja, fujo hiyo ilipungua sana, kwa sababu anayegusa kidole gumba hamwamshi mtu yeyote isipokuwa mwenye ujumbe.

Kuna faida nyingine ambayo msimamizi huiona kuliko mwanachama wa kawaida. WhatsApp humwonyesha mwenye ujumbe orodha ya watu waliousoma, lakini orodha hiyo inasema tu kwamba simu ilifungua kundi. Mtu aweza kupitisha jumbe arobaini kwa dole moja huku akiangalia sufuria jikoni, na zote zikahesabiwa kuwa zimesomwa. Aliyegusa kidole gumba, walau, amesimama kwenye ujumbe ule mmoja. Kwa matangazo ya maji, ya chanjo za watoto au ya usalama wa usiku, tofauti hiyo ni kubwa, nami sioni kwa nini tuitupe.

Tatizo lilianzia kwenye kabini ya umeme, yaani kituo kinachogawa umeme mtaani. Waya unaoingia katika avenyu uliungua, na kama ilivyo desturi hapa mjini, wakazi walijua kwamba wasipochanga wenyewe watakaa gizani. Kamati ilipendekeza dola ishirini kwa kila lupango. Pendekezo liliandikwa kundini jioni, na kabla watu hawajalala lilikuwa limejaa vidole gumba. Mtunza hazina alivihesabu, akazidisha kwa ishirini, akaenda kuulizia bei ya waya akiwa na imani kwamba fedha zipo. Siku ya kukusanya, alipita mlango hadi mlango na kukuta mambo mengine. "Mimi nilikuwa nasema nimesoma," alisema mmoja. Mwingine alieleza kwamba simu ilikuwa mikononi mwa mtoto. Vidole vitatu vilitoka katika lupango mmoja, vyote vya wapangaji ambao hawana neno juu ya fedha za mwenye nyumba. Na mmoja, ambaye mtunza hazina aliapa kwamba alikiona kidole chake, hakuwa na kidole chochote tena chini ya pendekezo.

Nikaanza kukichunguza kitufe chenyewe, na niliyoyagundua yanafaa kujulikana na kila anayeandika ripoti za vikao. Ujumbe ukifutwa na mwenyewe huacha alama kwamba ulikuwapo, lakini hisia ikiondolewa haiachi kitu, na ikibadilishwa kutoka kidole kuwa moyo au kutoka moyo kuwa kicheko, hakuna anayejua ilikuwa nini mwanzo. Ukigusa orodha ya walioitikia utaona majina, ila hutaona saa. Tena nilipotoa nakala ya mazungumzo kutoka WhatsApp ili niandike ripoti, jumbe zote zilikuwamo, hata zile za "asante", lakini hapakuwa na kidole hata kimoja. Kumbukumbu ya namna hiyo haiwezi kumshikilia mtu kwa dola ishirini.

Kijana mmoja wa avenyu yetu anayesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi alituletea kesi ya Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, ambayo ilitusaidia kuliko hoja zetu zote. Mwaka 2021 mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kununua tani 87 za mbegu za kitani, akamwomba athibitishe. Mkulima alijibu kwa emoji ya kidole gumba. Wakati wa kupeleka mbegu ulipofika, bei ilikuwa imepanda na mbegu hazikupelekwa. Mkulima akajitetea kwamba kidole chake kilimaanisha tu kuwa amepokea mkataba. Mwezi Juni 2023 jaji aliamua kwamba kidole kile kilikuwa kukubali, na mkulima akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Kilichotushika sisi ni sababu ya hukumu kuliko kiasi cha fedha. Jaji aliangalia mikataba ya nyuma kati ya watu wale wawili, akaona kwamba mkulima alizoea kujibu kwa neno fupi kama "sawa" na kisha kupeleka mzigo. Mazoea hayo ndiyo yaliyokipa kidole maana yake. Baba mmoja aliyekuwa akisikiliza alisema, "Basi na sisi tusingoje mazoea yatufunge bila kujua. Tuyafunge wenyewe."

Ndivyo tulivyofanya, katika kikao cha ana kwa ana chini ya mwembe wa shefu wa avenyu, kwa sababu jambo la kundi haliwezi kuamuliwa kundini na watu ambao bado hawajakubaliana ishara zao zina maana gani. Tulikubaliana kwamba kidole gumba ni "nimesoma", basi. Anayekubali mchango au uamuzi wowote wenye fedha ndani yake huandika jina lake, namba ya lupango na neno "nakubali"; asiyekubali huandika vilevile, na huongeza sababu. Kwa mambo mepesi, kama kuchagua siku ya kikao, tunatumia kura ya WhatsApp, ambayo ilikuja miezi michache baada ya vitufe. Maneno hayo niliyaweka katika maelezo ya kundi, mahali ambapo hayasukumwi na jumbe mpya. Pendekezo la waya liliandikwa upya, na safari hii majibu ya "nakubali" yaliyopatikana yalikuwa machache kuliko vidole vya kwanza, ila yalikuwa ya kweli: mtunza hazina aliweza kupanga, wengine wakaomba kulipa kwa awamu mbili, na waliokataa walijulikana pamoja na hoja zao, ambazo mbili kati yake zilikuwa za haki kabisa.

Kicheko kilitusumbua zaidi ya kidole. Mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa, mtu wa maneno machache, aliuliza kundini kama bei tuliyopewa inahesabu waya peke yake au na malipo ya fundi pia. Lilikuwa swali ambalo kamati nzima ilipaswa kuliuliza. Simu yake, iliyopangwa kwa Kifaransa, ilibadilisha "waya" kuwa "voyage", ikawa anauliza bei ya voyage, yaani safari. Vijana watatu wakabandika kisura cha kucheka mpaka machozi. Mama hakuandika tena, na kwa kuwa swali lilikuwa limekwisha kuvalishwa vicheko, hakuna mwingine aliyethubutu kulirudia. Nilipokwenda kumwona penye meza yake ya makala aliniambia, bila hasira, kwamba amezoea: watu wakiona mama wa makala anazungumzia hesabu, hucheka. Vijana nao, nilipowauliza, walishangaa. Walicheka neno la simu; swali lenyewe waliliona zuri, na mmoja alisema hata yeye alitaka kulijua jibu lake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba visura havina madhara kwa sababu ni utani tu. Anayeandika "nimecheka hilo neno voyage" amesema anacheka nini, na mama angecheka naye. Anayebandika kisura amemwachia msomaji achague mwenyewe kinachochekwa, na mtu aliyezoea kudharauliwa atachagua dharau. Vilevile kidole kinachoelekea chini, ambacho kimewezekana tangu Julai 2022 WhatsApp iliporuhusu emoji yoyote: kinasema "hapana" na kumnyima mwenzako sababu ambayo angeweza kuijibu. Tuliomba, kwa hiyo, kwamba chini ya hoja ya mtu kusiwekwe kicheko wala kidole cha chini. Anayepinga aandike, hata kama ni sentensi moja. Sikuwa na nguvu ya kulazimisha, kwani msimamizi wa WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama lakini hawezi kuondoa hisia yake. Ninachoweza ni kumwandikia mtu pembeni, na mpaka sasa hilo limetosha. Mama wa makala alirudi na swali lake, akajibiwa kwamba malipo ya fundi hayamo, na bajeti ikarekebishwa.

Msomaji aliyezoea Facebook atasema kwamba huko visura vya hasira vimekuwapo tangu Februari 2016 na dunia haijaanguka. Kweli, lakini huko kitufe kina kazi ya pili. Nyaraka za ndani za kampuni hiyo zilizotangazwa na magazeti mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017 kisura, hata cha hasira, kilipewa uzito mara tano ya kidole cha kawaida katika kupanga ni habari gani ipande juu, na kwamba cha hasira kiliondolewa uzito wote mwaka 2020 baada ya kuonekana kwamba kinasukuma mbele habari mbaya. Katika kundi la WhatsApp jumbe hukaa kwa mpangilio wa saa zilivyoingia, wala kisura hakipandishi wala kushusha lolote. Madhara yake yote yanampata mtu, na kwa hiyo yanaweza kurekebishwa na watu.

Habari za msiba nilizichelea kuliko zote. Kwetu, mtu akifiwa, viti hutolewa, wanawake hukaa na mfiwa, na hakuna simu inayoweza kufanya kazi hiyo. Hata hivyo tangazo la kwanza siku hizi hupita kundini. Kidole gumba chini ya tangazo la kifo kinaumiza hata kama maana yake imekubaliwa kuwa "nimesoma". Siku moja tulitangaziwa kifo cha bibi wa lupango wa jirani, na katikati ya mikono iliyokunjwa kikatokea kisura kinachocheka, kimewekwa na mmoja wa wazee wetu wanaoheshimika zaidi. Nilimpigia mara moja, kabla familia haijakiona.

"Papa, samahani, chini ya habari ya msiba kuna sura umeweka, na sura hiyo inacheka."

"Mwanangu, inacheka vipi? Mimi nimechagua yenye machozi."

Alikuwa na haki. Katika safu ya visura sita ambayo WhatsApp hufungua yenyewe, viwili vina machozi, cha tatu kinacheka na cha tano kinalia, na kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, bila miwani, anayetafuta machozi hukutana kwanza na yale ya kicheko. Nilimwelekeza agonge tena palepale ili kitoke, kisha akarekodi sauti ya pole ambayo wafiwa waliirudia kusikiliza. Tangu hapo, chini ya habari ya msiba tumekubaliana kutumia mikono iliyokunjwa peke yake, iliyo mwisho kabisa wa safu na isiyo na machozi, na anayetaka kusema zaidi aandike au azungumze.

Vijana walipendekeza tuhamie Telegram, ambako msimamizi anaweza kuchagua hisia zinazoruhusiwa au kuzifunga zote, na kwa kundi la wanafunzi ningekubali siku hiyo hiyo. Katika avenyu yetu, wazee wengi wanayo WhatsApp tu, na kuwapoteza wao ili kuwazuia vijana watatu wasicheke ingekuwa hasara. Tumebaki tulipo. Ninapoweka tangazo zito asubuhi, jioni huangalia vidole, huandika katika daftari majina ya wenye lupango ambao hawajagusa, na kuwafuata kwa miguu. Mara nyingi nakuta simu imezima tangu jana kwa kukosa umeme, nami nawasomea tangazo pale mlangoni.