Jinsi nilivyoipasua 4,294,967,297 bila kompyuta

Kikokotoo changu (cha dukani, si kile cha mafao ya wastaafu) kinaonyesha tarakimu nane tu. Namba niliyoitaka ina kumi: 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ujumlishe 1. Mwaka 1640 Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyependa hesabu, aliamini kuwa ni namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe), kwa kuwa ndugu zake wadogo 3, 5, 17, 257 na 65,537, wanaopatikana vivyo hivyo kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, wote ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaigawanya. Nilijua hayo tu. Kigawo chenyewe nilikataa kukitafuta mtandaoni.

Siku ya kwanza nilianza kijinga: 3, 7, 11, 13... Kufika 97 daftari limejaa na mkono unauma.

Kilichoniokoa ni jambo alilolithibitisha Euler mwenyewe: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Nikapanga 65, 129, 193, 257 na kuendelea, nikafuta zisizo tasa. Chini ya 700 zilisalia 193, 257, 449, 577 na 641. Tano tu!

Wala hakuna haja ya kuibeba namba nzima. 2 kwa kipeo cha 16 ni 65,536, na hiyo mara yenyewe ndiyo 2 kwa kipeo cha 32. Unaigawa kwa namba unayoijaribu, unachukua baki, unalizidisha baki kwa lenyewe, unaongeza 1, kisha unagawa tena. 193 iliacha baki 109. 257 ikaacha 2, 449 ikaacha 325, 577 ikaacha 288.

Nilipofika 641, kwa kiburi tu, niliweka kikokotoo pembeni. 65,536 ikabakiza 154. 154 mara 154 nikaandika 23,616, na mwisho wa hesabu baki likawa 541. Haya, si yenyewe. Nikaenda 769, 1,153, 1,217, usiku wa pili, wa tatu, mpaka nikaanza kumshuku mtu, na mtu huyo hakuwa Euler. Nikarudi nyuma nikikagua kila kuzidisha kwa kutoa tisa, ujanja tuliofundishwa shule ya msingi. Tarakimu za 154 zinajumlisha 10, yaani 1, na 1 mara 1 ni 1. Lakini za 23,616 zinajumlisha 18, yaani 9. Nimekosea! Jawabu ni 23,716. Toa 641 mara 36, inabaki 640. Ongeza 1.

Mke wangu alivyosikia ukelele alidhani nyoka kaingia ndani.

Upande wa pili ukatoka 6,700,417. Je, nayo ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na vigawo vyake vinabanwa na sharti lile lile la 64, kwa hiyo za kujaribu zilikuwa saba, kuanzia 641 tena hadi 2,113. 641 iliacha 44. Nyingine nazo zikaacha baki, na hiyo 2,113 niliirudia mara mbili, kwa kikokotoo, ndipo nikazima taa.